Hewa ya Wote: Jinsi Vifaa vya Kila Siku Vilivyopata Masafa Yasiyodai Leseni

Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, manowari HMS Astraea ilijongea mbele ya Dar es Salaam na kufyatua mizinga. Shabaha yake kuu ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalipanda meli Kisumu, yakavuka Ziwa Viktoria, yakaivamia Bukoba, na mnara wa simu ya upepo wa mji huo ukaangushwa. Kwa watawala wa zama zile mtambo wa kurusha mawimbi ulihesabiwa pamoja na silaha. Mwenye nao alijulikana, na mtambo wenyewe ulistahili kupigwa mizinga.

Leo nyumba ya kawaida Sinza au Kayole ina mitambo kadhaa ya kurusha mawimbi: kisanduku cha Wi-Fi, simu yenye Bluetooth, spika isiyo na waya, rimoti ya gari, pengine na kengele ya mlangoni. Hakuna mwenye nyumba anayepanga foleni kwa mdhibiti wa mawasiliano kuomba leseni ya vitu hivyo. Uhuru huu uliombwa, ukapingwa, ukapimwa kwa namba na kutolewa kidogo kidogo kwa muda wa takribani miaka 90, na mpaka sasa bado unagombewa. Ukiufuatilia tangu mwanzo utaona kwamba msamaha wa leseni ni sheria kamili yenye masharti mazito. Mzigo wa sheria ulihama tu: ulikuwa juu ya mtu, ukaingia ndani ya kifaa.

1896–1912: Serikali zashika hewa

Guglielmo Marconi alifika London mwaka 1896, na Desemba 1901 alitangaza kwamba amepokea ishara iliyovuka Bahari ya Atlantiki. Mitambo ya wakati huo ilifanya kazi kwa cheche za umeme. Cheche moja ilitapakaa juu ya masafa mengi kwa pamoja, hivyo vituo viwili vilivyokaribiana vikizungumza kwa wakati mmoja vilizimana sauti. Hapo ndipo hoja ya leseni ilipozaliwa: hewa ni moja, wasemaji ni wengi, na mawimbi hayaheshimu ukuta wala mpaka wa nchi.

Uingereza ilitangulia. Sheria yake ya mwaka 1904 ilikataza mtu yeyote kuweka au kuendesha mtambo wa simu ya upepo bila leseni ya Posta. Mwaka 1906 mataifa yalikutana Berlin na kutia saini mkataba wa kwanza wa kimataifa wa redio, uliotaka vituo vya melini viwe na leseni na ukaikubali ishara ya SOS.

Marekani ilichelewa. Vijana walijijengea mitambo vyumbani na kuzungumza walivyotaka, mara nyingine juu ya masafa ya jeshi la majini. Kisha ikaja Titanic. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912 meli hiyo ilizama na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Katika saa zilizofuata hewa ilijaa ujumbe uliogongana, na magazeti yakaandika habari za uongo kwamba abiria wote wako salama na meli inavutwa kwenda Halifax. Lawama nyingi ziliwaangukia warushaji wa nyumbani. Tarehe 13 Agosti mwaka huohuo sheria ya redio ilisainiwa. Kila mrushaji alitakiwa kuwa na leseni, na wale wa nyumbani walisukumwa kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kushuka chini, sehemu ambayo wataalamu waliiona haina faida.

Wataalamu walikosea. Katika miaka ya 1920 warushaji hao waligundua kwamba mawimbi mafupi yanadunda juu angani na kuvuka mabahari kwa nguvu ndogo ya umeme. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kawaida kupewa mabaki ya hewa na kuyageuza mali. Haikuwa mara ya mwisho.

1922–1934: Leseni hata ya kusikiliza

Redio ya matangazo ilipoanza, leseni ilimfuata msikilizaji hadi sebuleni. Kuanzia mwaka 1922 mwenye redio Uingereza alilipa shilingi 10 kwa mwaka, na ada hiyo ya redio iliendelea hadi 1971. Utaratibu huo ulisafiri na dola. Katika makoloni ya Afrika Mashariki nako mwenye redio alitakiwa kuikatia leseni, ingawa chombo chake kilipokea tu.

Marekani ilipita njia nyingine. Mwaka 1926 mahakama iliamua katika kesi ya kampuni ya Zenith ya Chicago kwamba waziri wa biashara hakuwa na mamlaka ya kukizuia kituo kutumia masafa kisiyopangiwa. Ndani ya miezi michache vituo viliruka huku na huko, vikaongeza nguvu na kufunikana. Wasikilizaji walibaki na milio. Fujo ile ilizaa sheria ya Februari 1927 na kisha ile ya 1934 iliyounda tume ya mawasiliano, FCC. Kuanzia hapo kanuni ilikuwa moja: pasipo leseni, usirushe.

Lakini sheria iliyoandikwa kwa ajili ya vituo vikubwa ilinasa kila kitu kinachotoa mawimbi. Kisheria, kichezeo chenye chembe ya nishati kilisimama mahali pamoja na kituo cha kilowati 50. Jambo hilo lilihitaji jibu.

1938: Msamaha wa kwanza

Jibu lilitoka mwaka 1938, na lilisukumwa na vitu vya sebuleni. Viwanda vilianza kuuza vicheza santuri vilivyorusha muziki hadi kwenye redio ya chumba cha pili bila waya. Mwaka huohuo kampuni ya Philco ilitoa kisanduku kilichoitwa Mystery Control, kilichobadili stesheni na kupandisha sauti kutoka kwenye kiti. Kumtaka kila mnunuzi wa kisanduku hicho akate leseni kungekuwa upuuzi. Kukiachia kirushe kinavyotaka kungerudisha fujo ya 1926.

Novemba mwaka huo FCC ilichora mstari kwa namba. Kifaa kisichozidi maikrovolti 15 kwa kila mita, kikipimwa kwa umbali unaopatikana kwa kugawa urefu wa wimbi kwa mara mbili ya pai, hakikuhitaji leseni. Kwa masafa ya kilohezi 1,000 umbali huo ni kama mita 48. Ukivuka hapo, ishara ilikuwa imefifia kiasi kwamba jirani hangeisikia.

Namba hiyo ni ndogo, lakini wazo lililobebwa nayo lilikuwa jipya. Sheria iliacha kuuliza jina la mtumiaji, ikakipima kifaa chenyewe kabla hakijafika dukani. Kutokana na wazo hilo yalikua masharti mawili ambayo hadi leo huchapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya vifaa au kwenye vijitabu vyake: kifaa hiki kisilete usumbufu wenye madhara kwa wengine, na kiuvumilie usumbufu wowote kitakaoupata. Mwenye leseni ana haki ya kulindwa. Aliyesamehewa leseni ana ruhusa ya kutumia, basi. Akisumbuliwa hana pa kushtaki, na akisumbua huzima.

Ukali wa sharti la pili ulionekana miongo mingi baadaye. Katikati ya miaka ya 2000 jeshi la Marekani lilianza kutumia redio mpya katika masafa ya kati ya megahezi 380 na 400, yaliyokuwa yake kisheria tangu zamani. Karibu na kambi kadhaa, ikiwemo Eglin kule Florida, milango ya gereji iliyofunguliwa kwa rimoti iligoma. Wenye nyumba walipiga simu kwa hasira, wakaelezwa kwamba sheria iko upande wa jeshi. Rimoti zao ziliishi katika masafa yale kama wageni, na mwenyeji alikuwa amerudi.

1947: Masafa yaliyotengewa joto

Hatua iliyofuata haikuhusu mawasiliano kabisa. Hospitali zilikuwa na mashine zinazopasha misuli joto kwa mawimbi, viwanda vilikuwa na mashine za kukausha mbao na kuunganisha plastiki, na baada ya Vita vya Pili kampuni ya Raytheon, ambako mhandisi Percy Spencer alikuwa amegundua kwamba mawimbi ya rada yanaweza kupika, ilianza kuuza majiko ya maikrowevu. Mashine hizi zilivujisha nishati nyingi na kuchafua mawasiliano ya wengine.

Mkutano wa dunia wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947 ulizitengea uwanja wake: vipande vya masafa kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba. Orodha iliyopo sasa ina masafa kama megahezi 13.56, megahezi 27.12 na gigahezi 2.45. Yeyote atakayetaka kuwasiliana ndani ya vipande hivyo ni lazima avumilie kelele za mashine. Dunia iligawanywa pia katika kanda tatu. Afrika, Ulaya na Uarabuni zikaangukia Kanda ya Kwanza, na mabara ya Amerika Kanda ya Pili. Mgawanyo huo una athari hadi bandarini kwetu, kama tutakavyoona.

Kampuni kubwa zilivitazama vipande hivyo kama jalala. Hakuna aliyetaka kujenga biashara ya mawasiliano katikati ya majiko. Kwa sababu hiyo vilibaki bila mwenyewe.

1958–1983: Umati waishinda ofisi

Mwaka 1958 Marekani ilifungua chaneli katika megahezi 27 kwa mazungumzo ya raia, maarufu kwa jina la CB. Leseni ilikuwepo, rahisi kuipata lakini ya lazima. Kwa miaka 15 hapakuwa na shida. Kisha mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na mwaka uliofuata serikali ikaweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa. Madereva wa malori walinunua redio za CB ili kuambiana palipo na mafuta na walipojificha polisi. Baada yao wakaja mamilioni ya watu wengine. Maombi ya leseni yaliilemea ofisi ya FCC, na wengi hawakuomba kabisa. Mwaka 1983 FCC ilifuta leseni ya mtu mmoja mmoja kwa redio hizo.

Uingereza ilipitia jambo lilelile kwa uchungu zaidi. Redio za CB ziliingizwa kimagendo, watumiaji wakaandamana, serikali ikakubali tarehe 2 Novemba 1981 kwa leseni, kisha mwaka 2006 leseni hiyo nayo ikaondolewa. Wadhibiti walijifunza kwamba pale kifaa kinapokuwa cha bei nafuu, dhaifu na kikawa mikononi mwa kila mtu, karatasi ya leseni hailindi kitu. Ulinzi wa kweli unakaa kiwandani, katika nguvu ya kifaa na masafa kiliyofungiwa.

1985: Mhandisi wa serikali na masafa ya jalala

Mageuzi makubwa kuliko yote hayakutoka kwa umati. Yalitoka kwa mtumishi wa umma. Michael Marcus, mhandisi ndani ya FCC, aliamini kwamba mbinu ya kijeshi ya kutawanya mawimbi ingeweza kuwafaa raia. Mbinu hiyo ilikuwa na wazee wake. Mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr, mzaliwa wa Austria, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya kuongoza topido kwa ishara inayorukaruka masafa ili adui asiizibe.

Ishara iliyotawanywa inafanana na mzigo mmoja uliogawiwa wapagazi wengi: hakuna bega linaloelemewa. Nishati inayoangukia kila sehemu ya masafa ni ndogo kiasi cha kutomsumbua mwingine, na kelele ikiharibu sehemu moja ujumbe haupotei. Kwa sifa hizo mbili mbinu ile ilikidhi masharti yote mawili ya msamaha, la kutosumbua na la kuvumilia.

FCC ilifungua mjadala mwaka 1981, na upinzani ukawa mkubwa. Watengenezaji wa redio na watangazaji waliogopa mwingiliano, na wenye masafa yao hawakutaka jirani mpya. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda kule ambako tayari kulikuwa kumeharibika. Tarehe 9 Mei 1985 tume ilivifungua vipande vitatu vya jalala la joto, karibu na megahezi 900, gigahezi 2.4 na gigahezi 5.8, kwa vifaa vya kutawanya mawimbi vyenye nguvu isiyozidi wati 1, bila leseni. Hakuna mtumiaji aliyetajwa wala huduma iliyoainishwa. Sheria ilisema tu namna ya kuishi na wengine, ikaiacha akili ya watu ifanye kazi. Ni vigumu kutaja uamuzi mwingine wa masafa uliozaa vingi kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho.

1990–2014: Wi-Fi yaenea

Kampuni ya NCR iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani ilitaka mashine hizo ziungane bila waya. Wahandisi wake wa Uholanzi waliikamata nafasi ile, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kamati iliyoanza mwaka 1990 kuandika kiwango kimoja kwa watengenezaji wote. Kiwango cha kwanza kilitoka mwaka 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kilipanda hadi megabiti 11, Apple ikakitia ndani ya kompyuta yake ya iBook, na jina la Wi-Fi likaanza kuenea. Huko Lund, Sweden, kampuni ya Ericsson ilikuwa imeanza mwaka 1994 kazi iliyozaa Bluetooth, katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4.

Ulaya iliyakubali masafa hayo kwa tahadhari, ikaweka kikomo cha miliwati 100 badala ya wati 1. Ufaransa ilibana zaidi kwa miaka kadhaa, kwa kuwa jeshi lake lilikuwa likitumia sehemu ya masafa hayo. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio mjini Geneva uliongeza nafasi pana katika gigahezi 5, kwa sharti jipya: katika sehemu kubwa ya nafasi hiyo kifaa kisikilize kwanza, na kikihisi rada kihame chenyewe. Kazi iliyofanywa zamani na karani wa leseni sasa ilifanywa na kifaa, mara nyingi kwa siku.

Swali la nani ni bwana wa masafa haya lilijibiwa hadharani Oktoba 2014. Hoteli moja ya Marriott mjini Nashville ilikuwa ikiikata mitandao ya Wi-Fi ambayo wageni waliiwasha kwa simu zao, huku ikiuza intaneti yake kwa bei kubwa. FCC iliitoza kampuni hiyo dola 600,000. Mwenye jengo hamiliki hewa iliyo ndani ya jengo lake.

1993–2021: Afrika Mashariki na swali la ada

Kwetu, uhuru huu ulifika wakati mashirika ya posta na simu yalikuwa yakivunjwa. Tanzania ilitunga sheria ya tume ya mawasiliano mwaka 1993, Uganda ikaunda tume yake, UCC, kwa sheria ya 1997, Kenya ikapata tume yake mwaka 1999, na Tanzania ikaanzisha mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa sheria ya 2003. Wadhibiti hawa wachanga walirithi mambo mawili kutoka zama za ukoloni: mazoea ya kuitazama redio kama suala la usalama, na leseni kama chanzo cha mapato.

Wakati huohuo kampuni ndogo za intaneti mijini zilipandisha antena juu ya mapaa. Nyaya za simu zilikuwa chache, intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali, na vifaa vya gigahezi 2.4 vilivyobuniwa kwa ajili ya ofisi viliweza kuvuka kilomita kadhaa vikiwekewa antena ya kuelekeza. Je, waombe leseni? Utafiti wa Isabel Neto, Michael Best na Sharon Gillett kuhusu nchi za Afrika, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta majibu yaliyopishana sana. Kuna nchi zilizosamehe, nyingine zilitaka usajili, nyingine leseni na ada, na mara nyingi usimamizi ulikuwa dhaifu. Mjasiriamali aliyevuka mpaka mmoja alikuta kitu halali kimegeuka kosa.

Julai 2009 kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilianza kazi katika pwani yetu, na nyingine zikafuata. Intaneti ilipopata mlango mpana, Wi-Fi ndiyo iliyoisambaza vyuoni, mahotelini na sebuleni, na msamaha kwa vifaa vya nguvu ndogo ukawa jambo la kawaida. Karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano na Microsoft ulijaribu kupeleka intaneti kwa masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki. Mtandao wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya jamii ndani ya Kibera kwa vifaa vya Wi-Fi. Mwaka 2021 mdhibiti wa Kenya alitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii ya namna hiyo. Watu wasio na fedha za kununua masafa mnadani walipata pa kuanzia kwa sababu jalala la mwaka 1947 lilikuwa wazi.

Sheria za wengine zashuka bandarini

Kwa kuwa sheria ya msamaha imefungwa ndani ya kifaa, kifaa kinaposafirishwa kinasafiri na sheria ya kwao. Mombasa na Dar es Salaam zinalijua hili kupitia magari yaliyotumika kutoka Japani. Kanuni za Japani zinasamehe leseni kwa mitambo dhaifu mno: chini ya megahezi 322 kikomo ni maikrovolti 500 kwa mita, kikipimwa mita 3 kutoka kwenye kifaa, lakini juu ya hapo kinaporomoka hadi 35. Ndiyo maana rimoti nyingi za magari ya huko zinarusha karibu na megahezi 315, wakati zile zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia megahezi 433.92, masafa ya Kanda ya Kwanza. Fundi wa funguo asiyeijua tofauti hiyo atamuuzia mteja rimoti isiyofungua kitu. Redio za magari hayohayo nazo zilitengenezwa kuishia megahezi 90, kwa kuwa FM ya Japani ilianzia 76, ilhali stesheni zetu nyingi ziko kati ya 90 na 108.

Mfano wa Marekani ni mzito zaidi. Masafa ya megahezi 902 hadi 928 yamesamehewa leseni kule kwa sababu ni Kanda ya Pili. Kwetu sehemu yake ni njia ambayo simu za mkononi za GSM hutumia kuufikia mnara. Simu ya mezani isiyo na waya iliyoletwa kama zawadi na ndugu aliyeko Texas inaweza kuziba mawasiliano ya mtaa mzima bila mwenye nayo kujua. Maikrofoni za kanisani na za kumbi za harusi zilikutwa na hali ya namna hiyo. Zilipata nafasi katika mapengo ya televisheni ya analojia, kisha televisheni ikahamia dijitali, Dar es Salaam ikianza tarehe 31 Desemba 2012, na masafa ya juu ya televisheni yakaelekezwa kwa intaneti ya simu. Maikrofoni ya zamani iliyobaki huko sasa ni mvamizi.

Kwa sababu hizi wadhibiti wetu hukagua na kuidhinisha aina ya kifaa kabla hakijauzwa. Wauzaji wengi huuona ukaguzi huo kama usumbufu, lakini ndio nguzo inayoubeba msamaha wote. Nchi isiyokagua vifaa inalazimika kuchagua kati ya fujo hewani na kurudi kwenye leseni ya kila mtu.

2020–2023: Vita vya gigahezi 6

Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona na kazi zikifanyika kwa Wi-Fi za nyumbani, FCC ilifungua megahezi 1,200 kwa mkupuo, kutoka gigahezi 5.925 hadi 7.125. Mwaka 2021 Ulaya ilifungua sehemu ya chini tu, megahezi 480. Kampuni za simu ziliitaka sehemu ya juu kwa ajili ya minara yao. Katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa mwaka 2023, megahezi 6,425 hadi 7,125 zilitajwa kwa huduma za simu katika Kanda ya Kwanza, huku Wi-Fi nayo ikitambuliwa kuwa mtumiaji wa masafa hayo. Kila nchi imebaki na uamuzi wa mwisho, na zetu zimo.

Hapa ndipo historia hii inapotudai jambo. Mwenye leseni ana jina, ana mkataba, ana wanasheria, na ameilipa serikali fedha zinazoonekana katika hesabu. Mamilioni wanaotumia masafa yaliyosamehewa hawapo katika daftari lolote, kwa kuwa msamaha wenyewe ndio uliowaondoa daftarini. Mdhibiti anapoita maoni ya wadau, wao hawatokei. Mwaka 1985 walisemewa na mhandisi mmoja wa serikali aliyekuwa tayari kupingwa. Hatuwezi kutegemea kwamba kila mdhibiti wa Afrika Mashariki atakuwa na mtu wa namna hiyo, tena kwa wakati unaohitajika.

Basi kazi hiyo ni ya walio karibu na matumizi: vyuo vikuu vinavyowahudumia wanafunzi kwa Wi-Fi, hospitali, mitandao ya jamii, vyama vya wahandisi, kampuni ndogo za intaneti, waagizaji wa vifaa. Wasome matangazo ya wadhibiti yanapotoka, waandike kwa namba na mifano ya mitaani kwao, wadai sehemu ya gigahezi 6 ibaki wazi kwa wote na ukaguzi wa vifaa uwe mkali. Masafa yaliyokwisha kuuzwa kwa leseni ya miaka mingi hayarudishwi kwa urahisi, na muda wa kusema ni kabla ya mnada.